Kidole Gumba na Kitabu cha Funguo

20 Januari

Mjukuu wangu, somo wangu, mke mwenzangu mvivu wa kuandika,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka, na kuzeeka nimeshamaliza. Mimi mzima. Goti la kulia linagomba likiona ngazi, lakini nyumba yangu haina ngazi, basi tunaishi kwa amani. Anayeniandikia ni jirani yetu yule yule, Fundi wa cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie marinda. Akimaliza namwambia anisomee, nikisikia neno nisilolisema namnyima chai.

Jambo lenyewe ni hili. Cheti chako cha kuoka mikate kimefika. Jumanne nilikuwa uani nafua, nikasikia hodi. Bwana mmoja, mkoba wa ngozi begani, viatu vumbi tupu. Akataja jina letu. Hakufika hata mwisho wake, nikamkatiza: ndiye mimi, tangu baba yako hajaota meno. Akanikabidhi karatasi. Mwanangu, karatasi nzito, maneno yamejipanga kama askari, na chini muhuri mwekundu mkubwa kama kisosi. Nikasema, kumbe huko kiwandani mnasoma kweli, si kuchezea unga.

Nimekitilia fremu yenye kioo, nimekitundika chumbani juu ya kitanda. Sebuleni sitaki, watu wana macho. Kila nikiamka nakisalimia. Mume wetu, Mungu amrehemu, angekiona angevaa koti.

Usinipigie simu kunijibu. Simu ukikata, maneno yamekwenda. Barua nasomewa mara tatu.

Bibi yako
(kidole changu hicho chini)

*

29 Januari

Shikamoo Bibi, somo wangu,

Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimeungua. Nafurahi kimefika, tena upesi hivyo, maana nilikikabidhi kwa watu wa vifurushi Jumatatu na waliniambia wiki mbili. Mimi nilidhani muhuri wake ni wa bluu. Furaha imenitia upofu.

Sasa nikwambie siri. Kiwanda kinauza tanuri la zamani, lile dogo la milango miwili. Mwenye kiwanda amenikubalia nilipe kidogo kidogo, mwisho ni Julai, kusubiri zaidi hataki. Nikimaliza, narudi nyumbani. Tutaliweka barazani kwako, nitaoka, wewe utauza, na hakuna mteja atakayethubutu kukopa.

Na lile darasa la watu wazima, umekwenda? Ulisema baada ya mavuno. Bibi, wewe hulimi.

Mjukuu wako

*

3 Mei

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la unga, sina nguvu ya kutafuta kiti. Jana mshahara umeingia pungufu, theluthi nzima haipo. Nikamfuata mhasibu. Akafungua jalada, akanionyesha amri ya mahakama. Nimeshtakiwa, nimehukumiwa, na kiwanda kimeamriwa kunikata kila mwezi hadi mwakani. Mimi mwenyewe sikuwa na habari.

Aliyenishtaki ni Mzee Kufuli, mwenye nyumba wangu wa zamani. Amesema nilikaa chumbani kwake Oktoba, Novemba na Desemba bila kulipa kodi, kisha nikaondoka nimevunja ukuta wa jikoni. Bibi, wewe ulikuwepo. Nilihama Septemba kwa sababu dari lilikuwa likivuja kitandani, na kodi yake nilikuwa nimemlipa yote. Ule ukuta mimi niliukuta una ufa wa kupitisha kuku.

Kwa makato haya sitaweza kulipia tanuri. Mwenye kiwanda ameniambia kwa upole, lakini ameniambia: Julai ikipita, kuna mtu mwingine anayelitaka.

Kesho nakwenda mahakamani kuuliza.

Mjukuu wako

*

9 Mei

Mjukuu wangu,

Fundi amenisomea barua yako mara moja tu, ya pili nilimkataza, nisije nikavunja kikombe.

Kufuli. Yule mwanamume anayefunga kufuli hadi kwenye ndoo ya maji. Sikiliza nikukumbushe, maana siku ile wewe ulitangulia na mkokoteni wa vyombo. Nilibaki nyuma nikasugua sakafu, nikafuta madirisha, nikatoa hata msumari wa kalenda. Sakafu ungeweza kuilia wali. Kisha nikamgongea mlango wake nikamkabidhi ufunguo mkononi. Na yeye, kwa ile tabia yake, akaenda kuleta kile kitabu chake chekundu cha funguo. Kila ufunguo unaotoka na unaorudi anauandika, kama ni binti yake. Akaniambia weka saini. Nikamwambia mimi sikusoma, nina kidole. Akaniletea wino, nikabonyeza. Akavuta pua, akasema, "Bibi, umechafua ukurasa." Nikamwambia, "Ukurasa utafutika, dari lako litavuja."

Sasa huyo anasemaje ulikaa mpaka Desemba? Ulikuwa unaingilia dirishani?

Wala usilie juu ya unga, utafanya donge. Cheti chako ninakiangalia hapa, nakiombea dua, mtu mwenye muhuri kama huo haonewi.

Bibi yako
(kidole)

*

17 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimefika mahakamani mara mbili. Karani ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, hacheki, lakini amenieleza vizuri kuliko ndugu. Hukumu ilitolewa Machi, upande mmoja tu ukiwepo, kwa kuwa mimi niliitwa na sikuja. Naweza kuomba itenguliwe kesi isikilizwe upya, ila niwahi ndani ya siku thelathini tangu nilipopata habari, na niape kwa nini sikufika. Nimeshaapa. Nimesema hati ya wito sikuipata. Tutasikilizwa tarehe 14 Juni.

Ila pana mwiba. Karani amenifungulia jalada. Tarishi wa mahakama, yule anayepeleka hati, ameapa kwamba alinikabidhi mimi mwenyewe mkononi, mwezi wa Januari, nikapokea kwa kidole gumba. Na kidole kipo, Bibi, cha wino, na mstari umekikata katikati kama barabara. Mimi ninasaini tangu darasa la tatu. Nimemwambia karani si changu. Akasema, "Mwanangu, wote husema hivyo."

Kama hakimu ataamini ni changu, nitakuwa nimeapa uongo, na hayo ni mabaya kuliko kodi. Naumiza kichwa ni nani aliyejifanya mimi. Nikimjua, Bibi, sijui nitamfanya nini.

Mwambie Fundi aniandikie barua ya kueleza tabia yangu njema.

Mjukuu wako

*

22 Mei

Mjukuu wangu,

Nina homa kidogo. Siwezi kusema mengi. Kula vizuri. Habari za cheti usiniulize kwa sasa.

Bibi yako

Nyongeza, Bibi hajui kama nimeiandika: Mjukuu, homa hana. Juzi amekuja kwangu na fremu imefunikwa khanga, akaniambia nimsomee kilichomo lakini kwa sauti ya chini. Nimemsomea. Tangu hapo hajanitukana hata mara moja, na mimi nina wasiwasi mkubwa. Barua hii ameikataa hata kuiwekea kidole. Ameficha mkono chini ya upande wa nguo. Fundi.

*

25 Mei

Somo wangu,

Nimelala siku tatu ubavu mmoja. Leo nimesema basi, aibu haiuguzwi, inatapikwa. Fundi, andika na usinitazame.

Kidole ni changu.

Yule bwana mwenye mkoba hakuleta cheti. Alileta hiyo hati yenu ya wito. Alitaja jina letu, na mimi jina hilo nimelibeba kabla yako, wewe nimekuazima. Nani alimwambia aje kwangu? Kufuli, kwa kuwa wakati wa kupanga uliandika nyumbani kwenu ni kwangu. Akaniuliza, "Ndiye wewe?" Ningesemaje, kwamba siye mimi? Akanipa wino nikabonyeza, na chai nikamnywesha, na andazi akala mawili. Nimeitundika kesi yako juu ya kitanda changu miezi minne. Nimeisalimia kila asubuhi. Nimeifuta vumbi.

Na cheti chenyewe, Mungu anisamehe, kililetwa wiki mbili baadaye. Kina picha ya ngano na muhuri mdogo wa bluu umefifia. Nikadhani ni tangazo la kampuni ya unga. Nimefunikia debe la mafuta. Kina duara sasa.

Ulisema ukimjua mtu huyo hujui utamfanya nini. Umeshamjua. Nimefunga nguo zangu mbili na dawa ya goti. Nitakuja tarehe 14 nimwambie hakimu ni mimi, wewe usiingie matatani kwa kiapo chako. Wakinifunga, uniletee mkate, uwe wa maziwa, na utoe gamba.

Fundi anasema nikifungwa nani atamkalipia. Mwache aandike hilo, ni kweli.

Bibi yako asiyesoma
(kidole ndicho hiki, kijinga kama mwenyewe)

*

30 Mei

Shikamoo, shikamoo tena, Bibi wa mimi,

Barua yako nimeifungua kiwandani, nikaisoma, nikakaa chini. Nisikufiche, dakika moja nilikasirika. Kisha nikamsomea karani, ndipo nikaona kitu cha ajabu: yule mama wa miwani ya kamba amecheka. Amevua miwani, ameifuta, amecheka tena.

Amenieleza hivi. Tarishi aliapa kwamba mpokeaji ni mimi. Kama kidole ni chako, kiapo chake hakisimami. Mimi na wewe hatukai pamoja, tuko miji mbalimbali, na hati haikunifikia. Wewe hukunizamisha, Bibi. Wewe ndiye ushahidi.

Na kile kitabu chekundu cha Kufuli. Umekitaja ukigomba, ukakipita kama jiwe njiani. Mimi ndiye niliyepaswa kukishika. Kama kidole chako kimo humo na tarehe ya Septemba, basi ni nani aliyekaa chumbani mpaka Desemba? Karani amenisaidia kuandika ombi, na mahakama imemwamuru Kufuli akilete.

Hakuna atakayekufunga. Njoo na nguo tatu, siyo mbili. Usioshe kidole hicho kwa jiwe la kusugulia miguu, tafadhali, nakujua. Naja kukupokea kituoni.

Cheti kiache juu ya debe, kimeshazoea.

Mjukuu na somo wako

*

15 Juni

Fundi jirani yangu,

Safari hii anayeandika ni mjukuu wangu, na ana mwandiko mzuri kuliko wako, usinune. Nimelala kwenye chumba chake kipya, dari kavu.

Jana tulikwenda. Mahakama yenyewe ni chumba tu, mabenchi magumu, feni inazunguka kwa kujivuta. Hakimu ni mwanamke, umri wa binti yangu. Kufuli alikuwepo, suruali imepigwa pasi, kitabu chekundu kwapani. (Bibi alimwambia, "Pole na uzito wa kitabu." Akakibana zaidi. Mjukuu.)

Yule bwana wa mkoba aliitwa kwanza. Akaulizwa, uliyemkabidhi hati yumo humu? Akamtazama mjukuu wangu, akatazama dari, mwisho akaniona mimi. Masikini, aliniamkia. Nikamwitikia, nikamuuliza kama maandazi yalimkalia vizuri. Hakimu akasema mashahidi wasizungumze. Nikamwambia samahani mwanangu, huyu alikula kwangu.

Nikaitwa mbele. Hakimu akaniuliza mbona nilipokea karatasi isiyo yangu. Nikamwambia jina lilikuwa langu, karatasi ilikuwa nzuri, na mimi sisomi, basi niliipenda. Akainama kuandika, akakaa ameinama muda mrefu mabega yanamcheza. (Alikuwa anacheka. Mjukuu.)

Kisha wakaniletea wino. Nikabonyeza karatasi mpya. Wakaweka na ile ya tarishi, mstari uko pale pale. Hakimu akauliza, "Kovu hili ulilipata wapi, Bibi?"

Nikamwonyesha mjukuu wangu. Nikamwambia, kwa huyo. Alizaliwa jikoni kwangu kabla mkunga hajavaa viatu. Nilikata kitovu kwa wembe mpya, kwa haraka, wembe ukapita hadi kwenye dole langu. Alinitoa damu kabla hajaniamkia, ndipo nikampa jina langu, nikaona tumeshalipana.

Mjukuu hilo hakuwahi kulijua. (Sikuwahi. Aliniambia siku zote ni kisu cha viazi. Niliacha kuandika kidogo, nimerudi.)

Hakimu akasema hukumu ya Machi ameitengua na makato yasimame tangu jana, kesi ianze upya. Akamgeukia Kufuli: "Hebu fungua kitabu, Septemba." Fundi, ungemwona. Alifungua kwa majivuno, maana kitabu chake ni safi, kila mstari umepigwa rula. Akapitisha kidole ukurasani mwenyewe, akafika mahali akasimama. Hakimu akamwambia, soma. Akasoma, sauti imekwenda chini kama redio ya betri mbovu: chumba namba nne, ufunguo umerudishwa, tarehe 28 Septemba. Na dole langu pembeni, lile lililochafua ukurasa, na barabara yake katikati.

Akaulizwa Oktoba mpaka Desemba nani alikaa. Akasema hakuna, palikuwa panavuja.

Akaomba kuiondoa kesi yake. Hakimu akamwamuru na pesa alizokwisha kuchukua azirudishe. Nje mlangoni nikamshika mkono. Nilitaka kumsema, maneno nilikuwa nimeyapanga tangu kituo cha basi. Lakini alikuwa amekikumbatia kitabu kama mtu aliyeumwa na paka wake mwenyewe. Nikamwambia tu, "Mzee mwenzangu, kitabu chako ni cha kweli kuliko wewe. Ziba dari."

Akasema, "Nitaziba, Bibi."

Unimwagilie mchicha wangu. Na ile fremu usiiguse, ina kazi.

Jirani yako
(kidole)

*

24 Julai

Mjukuu wangu, somo wangu, mke mwenzangu mwenye tanuri,

Nimesomewa kwamba umelipa cha mwisho na tanuri linapakiwa Ijumaa. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Goti halikusema kitu.

Sasa jambo moja la haraka. Barazani halifai, mvua ya upepo inaingia, nimeamua litakaa jikoni, pale pale ulipozaliwa. Fundi amekuja na utepe wake wa kupimia viuno, amepima mlango. Kwa vipimo vya barua yako, tanuri limeuzidi kwa shubiri nzima. Amerudia mara tatu, hata amevuta pumzi kama mlango utajibana. Basi nimemwita fundi mwashi. Kesho tunavunja ukuta wa jikoni. Ukikutana na Kufuli mwambie safari hii ni kweli, na ushahidi upo.

Kumbe naye ameniletea salamu kwa dereva wa basi, na bati moja lililobaki alipoezeka. Nimelipokea. Kwa bati nimebonyeza kidole pia, ila kwanza nimemwambia dereva ataje jina lote mpaka mwisho.

Fremu nimeitia cheti chako, kile chenye ngano na duara la debe. Nimekitundika sebuleni, wenye macho waone. Ile hati ya wito Fundi amekatia kigezo cha kola.

Na lile darasa nimekwenda, usiniulize tena. Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu ni mtoto wa juzi, ananiita mwanafunzi wangu, namvumilia. Kusoma nitajifunza, nisije nikasalimia tena nisichokijua. Juzi nimelisoma neno unga kwenye gunia, mwenyewe, nikalirudia njia nzima. Lakini alipotaka kunifundisha kuandika jina la saini, nimemkatalia. Nimemwambia jina tunalo wawili, mimi na mjukuu wangu. Kidole hiki ninacho mwenyewe.

Njoo upesi. Ukuta utakuwa wazi.

Bibi yako
(ndicho hiki, nimekibonyeza kwa nguvu ili mstari uonekane)